Mzaha mzaha hutumbuka usaha: Sikiliza utani wa fundi wa kompyuta

NI Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, katika afisi moja jijini Nairobi. Fundi wa kompyuta hajauweka mkoba wake chini, simu ya mezani inalia. Ni mama wa idara ya uhasibu.

"Kijana wangu, hebu njoo uniangalizie hii mashine. Imekataa kabisa kuwaka."

"Nakuja, mama. Lakini umeangalia kama imechomekwa kwa stima?"

"Wewe! Unaniona mtoto?"

Fundi anapanda orofa tatu kwa miguu, maana lifti nayo ina mambo yake. Anainama chini ya meza. Kumbe Ijumaa jioni mfagiaji aling'oa waya apate mahali pa kuchomeka mashine ya kusafishia zulia, kisha akasahau kuurudisha. Fundi anauchomeka, kompyuta inawaka. Mama anacheka mpaka machozi. "Mwanangu, wewe ni mganga!" Fundi anacheka pia. Akirudi chumbani kwao anawasimulia wenzake, nao wanacheka tena.

Ikiwa wewe msomaji unafanya kazi hii, bila shaka umeitambua hadithi hii, na pengine wiki iliyopita ilikuwa yako. Ikiwa huifanyi, huenda wewe ndiwe uliyepiga simu.

Mafundi wa kompyuta, wawe wasimamizi wa mitandao, waandishi wa programu au wale wa kushughulikia simu za wateja, wana utani wao ambao hauishi. Kuna dawa ya kila ugonjwa: "Zima, kisha uwashe tena." Kuna jibu la mwandishi wa programu anayeambiwa kazi yake ina kasoro: "Mbona kwangu inafanya kazi?" Kuna taarifa ya uchunguzi: "Hitilafu iko kati ya kiti na kibodi," yaani aliyekaa hapo ndiye mwenye kasoro, si mashine. Na kuna amri kuu: "Usiguse mitambo siku ya Ijumaa."

Yamkini unajiuliza ukurasa wa afya una haja gani na vichekesho vya afisini. Haja ipo. Utani huo ni kama kipimajoto. Ukijua kuusikiliza, utakuambia mapema kama fundi huyo yu mzima au anaanza kuugua, hata kabla yeye mwenyewe hajajua.

Kicheko ni dawa kweli

Kucheka pamoja si kupoteza wakati. Profesa Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na wenzake walifanya majaribio wakagundua kwamba watu waliotoka kucheka pamoja waliweza kustahimili maumivu zaidi kuliko kabla ya kucheka. Wanadhani kicheko huufanya mwili utoe kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu.

Hata hivyo, si kila utani ni dawa. Mwaka 2003, mwanasaikolojia Rod Martin wa Kanada na wenzake waliugawanya utani katika mitindo minne. Kuna utani wa kuwaleta watu pamoja, na kuna ule wa kujipa moyo unapokabiliwa na shida. Hii miwili aghalabu huandamana na afya njema ya akili. Mtindo wa tatu ni utani wa kuwachoma wengine, na wa nne ni wa kujidhalilisha mwenyewe ili watu wacheke. Huu wa mwisho hasa huandamana na huzuni, wasiwasi na mtu kujiona hana thamani.

Wazee wetu walijua jambo hili bila kufanya majaribio. Babu humwita mjukuu wake "mke wangu" na mjukuu humjibu kwamba hataki mume asiye na meno. Hakuna anayeumia, kwa sababu kila mmoja anajua mpaka uko wapi na zamu yake ya kujibu itafika. Utani wenye afya una pande mbili. Ukibaki na upande mmoja, huo si utani tena.

Kazi inayoonekana ikiharibika

Ili uelewe kwa nini utani wa mafundi hugeuka, tazama siku yao ilivyo.

Kazi yao ina laana moja: ikifanywa vizuri, haionekani. Mitambo ikikaa miezi sita bila kusimama, hakuna anayepita kusema asante. Ikisimama dakika kumi, mkurugenzi mwenyewe anasimama mlangoni akiuliza kama kuna mtu anayefanya kazi humo. Fundi hukutana na wenzake wakiwa tayari wamekasirika. Mshahara haujapita, ripoti inatakiwa saa nne, na printa imemeza karatasi. Hasira yote humwangukia yeye, ingawa si yeye aliyeitengeneza printa.

Pili, hukatizwa kila mara. Anaandika programu inayohitaji utulivu kama wa mtu anayehesabu fedha nyingi. Simu inalia, ujumbe unaingia, mtu anambonyeza begani: "Boss, dakika moja tu." Akirudi mezani, hesabu imeshapotea. Mwaka 2008, Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, Marekani, na wenzake walichapisha jaribio lililochunguza hali hii. Waliokatizwa kazi waliimaliza haraka zaidi, lakini kwa gharama. Baada ya dakika 20 tu walisema wanahisi mfadhaiko, kuudhika na shinikizo kubwa kuliko wenzao walioachwa wafanye kazi kwa utulivu. Kwa hivyo mkubwa wa kazi anaweza kuona kazi inakwenda mbio akafurahi, asijue kwamba mfanyakazi analipa kwa afya yake.

Tatu, mambo mengi yanayomharibia siku hayamo mikononi mwake. Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Jumapili, Mei 12, 2024, nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya na nchi jirani. Hakuna fundi wa Nairobi au Mombasa ambaye angeweza kupiga mbizi akaziunge. Hata hivyo, simu ziliwalilia wao.

Ijumaa iliyothibitisha utani

Kisa kilichowafanya mafundi ulimwenguni wacheke na kulia kwa wakati mmoja kilitokea Ijumaa, Julai 19, 2024.

Asubuhi hiyo, saa moja na dakika tisa kwa saa za Kenya, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilituma marekebisho ya programu yake kwa wateja. Marekebisho yalikuwa na kasoro. Kampuni iliyaondoa saa mbili na dakika ishirini na saba, muda usiofika saa moja na nusu, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilianguka, zikaonyesha skrini ya buluu na kukataa kuwaka sawasawa. Ndege zilikwama, hospitali zikarudia karatasi, benki zikatatizika.

Sasa sikiliza sehemu inayohusu afya. Hitilafu ile haikuweza kurekebishwa kwa mbali katika kompyuta nyingi. Ilibidi fundi aende mashine kwa mashine, aiwashe kwa njia ya dharura, atafute faili moja, aifute kwa mkono, kisha ahamie nyingine. Mwenye kompyuta elfu moja alikuwa na safari elfu moja. Mafundi wa nchi nyingi walipoteza usingizi wa mwisho wa wiki ile nzima.

Na ule utani wa kuzima na kuwasha? Microsoft yenyewe iliwashauri baadhi ya wateja wa mitambo yake ya mbali wajaribu kuzima na kuwasha tena, na ikasema huenda wengine wakalazimika kufanya hivyo hata mara 15. Hapo mafundi walicheka kwa uchungu. Utani wao ulikuwa umepewa muhuri rasmi, na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa!

Mwenye zamu halali vyema hata simu isipolia

Katika afisi nyingi, mafundi hupeana zamu ya simu ya usiku. Mtu analala na simu kando ya mto, ikilia aamke. Wakubwa wengine hufikiri kwamba simu isipolia, mtu amepumzika. La hasha.

Mwaka 1988, watafiti Torsvall na Åkerstedt wa Sweden walichapisha uchunguzi wa usingizi wa mainjinia wa meli waliokuwa na zamu ya kuamshwa na kengele ya mitambo. Katika usiku wa zamu, usingizi wao ulikuwa mfupi, ule mzito ulipungua, na moyo ulipiga kwa kasi zaidi. Jambo la kushangaza ni kwamba mengi ya hayo yalionekana hata kabla ya kengele kulia. Kutarajia tu kuamshwa kuliwatosha kuwaharibia usingizi.

Fundi wa kompyuta hana tofauti kubwa na injinia huyo wa meli. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi kila usiku. Akizikosa wiki baada ya wiki, shinikizo la damu huelekea kupanda, uzito huongezeka, uamuzi huwa mbaya na hasira huwa karibu. Hapo huikimbilia kahawa, chai ya rangi au vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya mikebe. Sasa fanya hesabu. Kwa watu wengi, baada ya saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini huwa ingali mwilini. Kikombe cha saa kumi na moja jioni kingali kinakesha nawe saa nne usiku.

Utani unapobadilika

Hapa ndipo kipimajoto chetu kinapofaa.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifafanua upya hali ya kuchakazwa na kazi katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. WHO haikuiita ugonjwa. Iliieleza kuwa hali inayotokana na mfadhaiko wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Ina ishara tatu.

Ya kwanza ni kuishiwa na nguvu. Si uchovu wa Ijumaa unaoisha Jumapili. Ni ule ambao mtu huamka nao Jumatatu baada ya kulala siku mbili.

Ya pili ni moyo kujitenga na kazi, kuichukia au kuidharau pamoja na watu wake.

Ya tatu ni mtu kuhisi kwamba hafai kitu tena, kwamba hata akifanya nini hakitafaulu.

Ishara ya pili ndiyo inayosikika katika utani. Fundi aliyekuwa akisema, "Mama wa uhasibu amenichekesha leo," sasa anasema, "Wale wajinga wa uhasibu." Aliyekuwa akicheka na mtu sasa anamcheka mtu. Baadaye mshale humgeukia mwenyewe: "Mimi ni takataka tu hapa." "Seva ikianguka tena, mtanikuta nimeanguka nayo." Wenzake wanacheka, maana wamezoea kwamba yeye ni mcheshi. Na mara nyingine kicheko hukoma kabisa. Yule aliyekuwa na la kusema kila asubuhi sasa anavaa vifaa vya masikioni na hazungumzi mpaka jioni.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mtu anayerudia mzaha wa kutaka kutoweka au kufa usimchukulie kuwa anachekesha. Mwulize pembeni, kwa upole na waziwazi, kama ana mawazo ya kujidhuru. Kumwuliza hakumtii wazo hilo akilini. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akikubali, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali iliyo karibu, siku hiyo hiyo.

Mwili nao unadai

Akili haichoki peke yake. Macho hupepesa mara 15 hivi kwa dakika, lakini mtu akikodolea skrini, idadi hiyo hushuka kufikia nusu au chini yake. Macho hukauka, huwasha na kuona ukungu jioni. Shingo iliyoinamia kompyuta ndogo ya mapajani hubeba mzigo kutwa, maumivu yakashuka hadi mabegani na kupanda hadi kichwani. Vidole vikianza kufa ganzi usiku, hasa gumba, cha shahada na cha kati, huenda mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Usingoje mpaka ushindwe kushika kikombe.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Mwaka 2021, WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitangaza kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wako katika hatari ya kupatwa na kiharusi inayozidi kwa asilimia 35 ile ya wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Hatari yao ya kufa kwa ugonjwa wa moyo inazidi kwa asilimia 17. Jumlisha saa zako za mchana, zile za usiku na za Jumamosi uliyoitwa "kidogo tu", kisha ujihukumu mwenyewe.

Ufanye nini?

Ikiwa wewe ndiwe fundi, anza na haya:

Kwanza, kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20. Pepesa macho kwa makusudi. Simama na utembee kidogo kila saa. Ule mwendo wa kwenda kumchomekea mama waya ulikuwa mazoezi, usiulaani.

Pili, weka skrini umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu ulingane na macho. Kompyuta ya mapajani inaweza kuwekwa juu ya vitabu na kutumiwa kibodi ya pembeni.

Tatu, chakula cha mchana kile mbali na meza ya kazi. Sahani ya githeri au ugali na sukuma ukiwa umekaa na wenzako ina faida kuliko chipsi zinazoliwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye kipanya. Kahawa ya mwisho iwe ya saa sita au saa saba mchana.

Nne, yaandike malalamiko, usiyamalizie katika utani pekee. Tatizo lililokuamsha usiku mara tatu mwezi huu si kichekesho tena, ni kazi inayohitaji kurekebishwa mchana. Mpelekee mkubwa wako tarehe na saa.

Tano, pimwa shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama una umri wa miaka 28 na unajiona chuma. Maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito ni mambo ya kukimbizwa hospitali mara moja. Na ukikosa usingizi, hamu ya chakula au furaha kwa zaidi ya wiki mbili, mwone daktari au mshauri nasaha. Si aibu. Hata seva hupumzishwa ili irekebishwe.

Ikiwa wewe ni mkubwa wa kazi, fahamu kwamba sheria iko upande wa usingizi wa mfanyakazi wako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo kamili. Zamu ya simu igawanywe kati ya watu kadhaa, na aliyeamshwa saa nane usiku asitarajiwe afisini saa mbili asubuhi. Pia, tenga saa chache za siku ambazo anayeandika programu hatabonyezwa begani. Na heshimu amri ile ya Ijumaa. Ni utani, lakini una hekima: badiliko lililofanywa Ijumaa jioni likiharibika, hulipwa kwa Jumamosi ya mtu.

Nawe unayepiga simu, chunguza waya kwanza. Kisha mweleze fundi yaliyotokea kwa utaratibu, bila kumpigia kelele. Mitambo ikienda vizuri mwezi mzima, pita chumbani mwao uwaambie. Hutatumia hata senti.

Kesho fundi akija mezani pako akasema uizime mashine na kuiwasha tena, cheka naye. Lakini msikilize vizuri. Kama utani wake wa siku hizi una sumu, au kama umekwisha kabisa, usirudi kwenye kazi yako kwanza. Mwulize, "Na wewe, unalala siku hizi?"

Kisha usiondoke kabla hajajibu.